Mnazi Ulionywewa

Gongoni, Jumapili

Kwako Thuku,

Natumai Nyeri kuna baridi kama ulivyotamani. Huku chumvi ni nyingi mwaka huu, na Mwalimu Jedida amejifungua mtoto wa kike.

Uliomba nikueleze tena lile somo la klabu ya sayansi. Elektroni imenaswa na usumaku wa dunia, inazunguka huku ikienda kaskazini na kurudi kusini. Mawimbi mengi ya plazma, ile gesi yenye umeme huko juu, huipita tu. Lakini wimbi likija kwa mapigo yanayolingana na mzunguko wake, hata likiwa dogo, huisukuma ikatoka njiani, ikaangukia hewani, isirudi tena.

Alhamisi watu wa kina Ngumbao walileta pombe ya mnazi kuniposa. Wajua kwetu baba hagusi kata ya kunywea mpaka binti aulizwe.

"Pola, mwanangu, tunywe?"

Neno lilikuwa moja tu, "msinywe," na lilitakiwa wakati ule ule. Nilitazama miguu yangu.

"Mwamwona alivyo na haya?" shangazi Dorcas akacheka. "Kunyamaza ndiko kukubali. Kunyweni!"

Wakanywa.

Nililisema baadaye, jikoni. Mama alilia, akaniambia mnazi ukishanywewa hautapikwi.

Nilikuahidi kukungoja, Thuku, na nilitaka.

Harusi ni mwezi ujao. Ukijibu, andika habari za elektroni tu, kwa sababu si mimi nitakayeifungua barua.

Niliyekaa nawe dawati moja,
Pola