Maziwa ya Mama Hayapimwi

Kaka yangu,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Paa la jikoni tumeliziba, na ng'ombe wa mama amepona uvimbe wa kiwele.

Hapa kituo cha maziwa tuna kifaa kidogo kama simu. Unakidondoshea tone, maziwa yakiwa na mabaki ya dawa, taa nyekundu inawaka. Nimerudisha madumu mengi hadi majirani wananiita Bi Taa. La mama tu nilikuwa silipimi. Nilimtania, "Maziwa ya mama hayapimwi," akacheka mpaka machozi.

Kaka, mwanao alipofariki tulisema ni mapenzi ya Mungu. Kumbe ng'ombe wa mama, ambaye mtoto alikunywa maziwa yake siku ile, alikuwa kwenye sindano za penisilini, dawa ileile ambayo mwili wa mtoto ulikuwa ukiikataa. Kituo hugandisha sampuli ya kila dumu. Juzi niliipima ya dumu la mama la siku ile. Taa iliwaka.

Mama sijamwambia. Leo nimepima dumu lake mbele yake. Akacheka: "Hee! Hata mimi, mwanangu?"

Nikashindwa kumtazama.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwachia mtoto.