Sifuri Tisa za Friji

Jumatatu, 2 Machi

Nimepewa programu yangu ya kwanza ya peke yangu. Kazi: kusoma joto la friji ya chanjo ya zahanati, asubuhi na alasiri, Februari nzima, na kutoa kiwango cha chini kabisa. Siku 28 mara mbili – nafasi 56. Nikaunda safu ya double, yaani namba zenye nukta, nikaijaza kutoka faili la zahanati.

Jibu: sifuri. Mara tisa.

Friji ile haitakiwi kushuka chini ya nyuzi mbili. Chanjo ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha. Na anayeitunza ni wifi yangu, muuguzi. Nimepeleka ripoti kama ilivyo. Sijui kama nimefanya vizuri.

Jumanne, 3 Machi

Wifi kanipigia asubuhi, hata salamu hakuna. Mganga mkuu wao ametia friji kufuli. Ijumaa chanjo zinatupwa, na wifi ajieleze kwa maandishi. "Wifi, kama hunitaki kwa kaka yako si useme, mpaka upitie kwenye kompyuta?" Akacheka, kicheko cha kooni. Anaapa hajawahi kuona sifuri kwenye kipimajoto kile.

Nimekagua kila mstari mara tatu. Sioni kosa. Kompyuta nayo haina ugomvi na mtu.

Jumatano, 4 Machi

Nuktamkato – ndivyo tunavyomwita fundi wetu mkuu, huona nuktamkato iliyosahaulika akiwa bado mlangoni – kasimama nyuma yangu. Akauliza zahanati hufunguliwa Jumapili? Hapana. Basi Jumapili alipima nani? Hakuna.

Kumbe double ya herufi ndogo haijui kukaa tupu. Usipoipa namba, inajipa sifuri. "Ni saa ya ukutani," akasema. "Hata betri ikiisha, mishale itaonyesha saa fulani. Double yenye D kubwa ni msumari. Saa ikikosekana, unaona msumari mtupu. Huo ndio null."

Nimeandika msumari na saa pembeni ya daftari. Bado vinanichanganya. Mbona jina ni lile lile?

Jumapili nne ni nafasi nane. Ya tisa itakuwa siku wifi aliposahau kupima. Nikampigia wifi: zote ni sifuri za uongo. Nikamwandikia na mganga mkuu vivyo hivyo. Jioni kufuli limeondolewa – Ijumaa watoto watachanjwa kama kawaida.

Alhamisi, 5 Machi

Nimebadilisha double kuwa Double. Programu ikaanguka nafasi ya kwanza kabisa. Tarehe mosi ilikuwa Jumapili! Nimeongeza sharti: ukikuta null, ruka. Sasa inakwenda.

Null: nane. Cha chini kabisa: sifuri.

Nimeiendesha tena. Sifuri moja tu, nafasi ya 37 (kompyuta huanza kuhesabu na 0). Tarehe 19, Alhamisi, alasiri. Hii haikujipa yenyewe. Imo kwenye faili.

Nimempigia wifi anitumie picha ya ukurasa. Imekuja. Sifuri nukta sifuri, mwandiko wake, mzuri kama siku zote.

Anasema alasiri ile aliwahi kuondoka, mtoto alikuwa na homa. Hakupima. Asubuhi iliyofuata akajaza sifuri, maana mkaguzi akiona nafasi wazi hugomba. "Hata sikukumbuka, wifi. Nimeziba pengo tu." Basi ni saa isiyo na betri. Au alipima, akaona, akaogopa? Juzi aliapa. Nikamuuliza mara mbili, akajibu yale yale mara mbili, mara ya pili polepole zaidi.

"Futa hiyo moja, weka hiyo null yenu. Si umeshawaambia zote ni za uongo?"

Ni kweli. Nimeshawaambia.

Nimefungua faili. Kishale kiko mbele ya namba ile. Kesho saa mbili kina mama watakuwa kwenye foleni.

Nuktamkato yuko mlangoni. Anauliza null ni ngapi.