Mboni ya Jicho na Paka Wako Chaki

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kile chako cha darasani, maana kwa Ekegusii cha nyumbani nitalia kabla sijamaliza. Naogopa. Kesho wazazi wanakuja shuleni, na wanataka paka wako Chaki auawe.

Tangu tukuzike, mwalimu mkuu amenipa darasa lako la tatu. Nimekuta kila kitu kama ulivyokiacha: kioo chako kidogo, pazia la gunia, na lile sanduku la chaki alimokulia paka akapata jina. Nakumbuka ulivyokuwa ukimtoa gizani na kumleta dirishani, watoto wamekuzunguka, wanaona duara jeusi la jicho lake likisinyaa mpaka linabaki mstari. Kisha unawapa kioo wajitazame na wao. Jina la kitu ulilitaja mwisho kabisa. "Waonyeshe kwanza, jina halikimbii," uliniambia, nami nikakucheka.

Lakini unanijua mimi na paka. Tangu niparurwe utotoni siwezi kumgusa hata mmoja. Basi siku ya somo la macho nilimfungia Chaki stoo, nikachora jicho ubaoni, nikasema, "Kila mmoja wenu ana mboni ndani ya jicho." Kengele ikalia.

Watoto hawa wa huku Ikonge, Kiswahili chao ni cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Mimi nilisema mboni, wao wakasikia ekemoni, paka wa Ekegusii chetu. Jioni ile kila nyumba iliambiwa kwamba mwalimu mpya amesema tuna paka ndani ya macho. Kerubo, mjukuu wa jirani yetu, alikataa kulala, akisema akifumba macho paka atamparura kutoka ndani.

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Sasa wanasema ni uchawi. Wanawake ninaochuma nao chai wanahamia mistari mingine nikifika. Na unajua kwetu neno hilo likishamganda mwanamke, huishia kuchomwa moto.

Sijakwambia lililo baya zaidi. Bibi yake Kerubo alinisimamisha njiani, akaniuliza, "Mambo haya ya paka umeyatoa wapi?" Kwa hofu nikajibu, "Ni ya Mama." Nilikutupia wewe, Mama, wewe usiyeweza kujibu. Sasa wanalikwepa kaburi lako, hata wale uliokuwa ukisali nao Sabato. Nisamehe. Sijui niseme nini kingine. Nisamehe.

Leo baada ya masomo nilifungua stoo nikajaribu kumshika. Alinikwaruza, na hilo doa pembeni mwa karatasi si wino. Nikamshika tena. Moyo wake ulikuwa unadunda mbio kuliko wangu. Miaka yote hii, Mama, sikujua kwamba naye anaogopa.

Kesho nitawaambia kosa lilikuwa langu. Nitambeba Chaki mwenyewe hadi dirishani mbele yao wote, na kioo nitampa kwanza Bibi yake Kerubo, ajitazame jicho lake likipigwa na mwanga. Huenda akakitupa. Huenda wakaja na panga tayari, sijui.

Pumzika, Mama. Nakuahidi sitakutupia lawama tena. Kesho nitawaonyesha kwanza. Jina lako nitalitaja mwisho.

Binti yako,
Moraa