Kisu Kilichobaki kwenye Mkeka wa Michembe

Jumamosi. Kiangazi kikali. Upepo wa asubuhi umeleta majivu ya nyasi mpaka kwenye uji.

Leo nimewakosesha watu nyama, na nimechoka kujitetea moyoni.

Huku kwetu, upande wa Ipole, nyama ya porini ni chakula cha miezi hii tu. Nyasi zikishaungua mnyama huonekana kwa mbali, na kijiji chetu cha Ujamaa kina kibali. Mwindaji wetu Kasanda, asiye Mwislamu, ndiye mwenye gobole. Mimi ni fundi cherehani, nimehamia hapa kutoka Tabora mjini. Huwa nafuatana naye ili nimchinje mnyama kabla hajakata roho, na sisi Waislamu tupate kula. Mke wangu Zuhura ana mimba kubwa, na tangu masika hajaonja nyama.

Kongoni alianguka kando ya mto mkavu, bado anahema. Nikapapasa kiunoni.

Kisu sina!

Jana Zuhura alikitumia kukatia viazi vya michembe, vile vya kuanika juani, nami nikakisahau palepale kwenye mkeka. Kasanda akanipa chake, kilekile alichomchunia ngiri juzi, mnyama aliye haramu kwetu. Nikachukua kibuyu cha maji ya kunywa, nikakiosha. Nikakiosha tena. Nilipogeuka, kongoni ametulia.

“Ndugu fundi, we sema ulimuwahi,” Kasanda aliniambia. “Mimi sikuona kitu.”

Nilitamani kweli. Njia nzima nilimuwaza Zuhura.

Kwenye mgao macho yote yalikuwa kwangu. Nikasema sikumuwahi. Waislamu wenzangu wakaondoka na sufuria tupu bila kunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kasanda peke yake alicheka.

“Mwungwana wa mjini! Umekiogesha kisu changu, kongoni akachoka kukusubiri.”

Zuhura aliirudisha sufuria ya nyama ukutani kwa kishindo, akainjika mboga ya mlenda. Simlaumu. Najiuliza kama nilikiosha kisu kile kwa imani au kwa maringo tu ya mtu wa mjini. Sijui.

Kesho alfajiri tunarudi porini. Sasa hivi nimemaliza kuswali magharibi, nimekuta kisu changu kimenolewa, kimewekwa juu ya makubazi yangu mlangoni.

“Na kesho usioshe kitu,” Zuhura amesema kutoka jikoni.