Jino la Tarumbeta ya Kwanza

Jumapili, 18 Agosti 2024
Mazoezi baada ya misa, hapa Kishanda. Zimebaki siku sita bendi yetu ikashindane Bukoba. Tunapiga wimbo wa marehemu Aroni, na ile sehemu ya juu napiga mimi peke yangu. Jino la mbele linacheza! Nikikaza midomo linarudi ndani. Rutaihwa, kiongozi wetu, kauliza mbona sauti inakatika. Nikasema mafua. Nimetoka kupokea komunyo, nadanganya — aibu.

Jumanne, 20 Agosti
Uji tu. Hata ndizi naziponda. Daktari wa meno alitaka kuling'oa, nikamwambia wiki ijayo. Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya bendi hii. Bila tarumbeta mimi nani? Joanitha, tarumbeta ya pili, kaomba nimfundishe ile sehemu ya juu, kama tahadhari nikizidiwa. Nimemkatalia, tena kwa ukali.

Alhamisi, 22 Agosti
Jioni bendi nzima tumekwenda kumuaga Immakulata, mjane wa Aroni. Aroni ndiye aliyenifundisha kupuliza. Mama wa watu kaleta akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna, akaanza na mimi. "Tafuna, waitu," akanibembeleza kwa Kihaya. "Mume wangu alikuita mwanangu." Wote wananitazama. Ningekataaje? Nimetafunia upande — wapi! Limetoka. Nikalimeza pamoja na kahawa yake, nikashukuru kwa kuinama.

Nyumbani nimejaribu tarumbeta. Upepo mtupu. Nimelia, mtu mzima.

Jumamosi, 24 Agosti
Bukoba, uwanjani. Jana nilikwepa mazoezi, nikasingizia homa. Leo nimevaa sare kama wenzangu. Bendi ya Bilele inapiga sasa, sisi tunafuata. Rutaihwa kanishika bega: tunakutegemea, mzee. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimeshindwa kuendelea kuficha. Nimemwita Joanitha nyuma ya gari, nikafungua mdomo.

"Mwalimu! Tangu lini?"

Nikamweleza. Nikamwambia asimame nafasi yangu.

"Lakini ulinikatalia. Ile sehemu siijui."

Kweli. Ni ubinafsi wangu, Mungu anisamehe. Nimemwimbia noti moja moja, mate yananitoka penye pengo. Ameshika nusu. Rutaihwa bado hajui. Joanitha ameegemea tairi, anabonyeza vitufe vya tarumbeta bila kupuliza. Anakosea palepale. Anaanza upya.

Makofi — Bilele wamemaliza. Anakosea tena. Wanaita Kishanda.