Udongo wa Kinyungu cha Mama

Makambako,
22 Juni 1993

Baba yangu mpendwa,

Kamwene! Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba goti halikusumbui sana na baridi hii. Mimi mzima, na Yonathani wangu anakuamkia. Miezi miwili ya ndoa imepita kama siku mbili, Baba! Asubuhi akitoka kwenda kuandika vibao vya maduka, nasimama mlangoni mpaka apinde kona, majirani wananicheka.

Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa, uliiona kwa macho yako ile picha yake. Wengine ukumbini walinong'ona kwamba ni picha gani isiyo na mtu wala nyumba, shuka tupu lililobandikwa udongo kwa gundi ya muhogo. Lakini wewe ulipita kipande kwa kipande, mchanga wa Lupingu, vumbi la Wanging'ombe, ukisoma maneno ambayo wenyeji wameandika kuuzunguka udongo wao, yakipinda kama matuta. Ukafika kwenye udongo wa kinyungu cha marehemu Mama, kile kishamba chake cha bondeni. Ukasoma nilivyoandika jinsi alivyodidimiza maharage kwa kidole gumba kule. Ukainama, ukanusa, ukanitazama. Yonathani alipokuuliza kama umeutambua, ulimjibu mbele ya watu wote kwamba ndio wenyewe.

Tangu saa ile chakula hakinipiti. Umelima bonde lile miaka arobaini, Baba. Najua ulijua.

Kabla ya Jumapili ile, Yonathani alinipa nauli nije Njombe kuuchota udongo wa Mama, nilale kwako usiku mmoja. Stendi nilifika. Basi likiwa linapakia, nikashindwa kumwacha hata huo usiku mmoja. Nikaenda kushinda kwa rafiki yangu Salha, mwenye duka la vipuri jirani na gereji. Alinicheka, akasema bibi harusi, udongo ni udongo, kwani mumeo atauonja? Nikachota nyuma ya gereji, nikachanganya na unga wa mkaa uwe mweusi kama wa bondeni. Jioni nikarudi nyumbani na kudanganya kwamba nimepata lori la mbao lililonirudisha kutoka Njombe siku hiyo hiyo. Aliupokea kwa mikono miwili.

Ulichonusa ni dizeli. Nawe ukanisitiri, ukasema uongo ndani ya ukumbi wa kanisa, juu ya jina la Mama, kwa sababu yangu.

Leo asubuhi nimemweleza Yonathani yote. Hakufoka, afadhali angefoka. Alishusha shuka, akakikwangua kipande kile kwa kisu, maneno yangu yakabaki yamezunguka pahali patupu. Kisha akauliza taratibu kama utakubali kutupokea.

Tukija Jumamosi, Baba, usitutayarishie udongo. Nionyeshe tu tuta la mwisho alilolima Mama, nichote mwenyewe.

Wasalimie kaka Valeriani na shangazi Germana. Habari hii nitawaambia kwa mdomo wangu.

Binti yako, kwa aibu na upendo,
Eveline