Mama Atapita Polepole

Nyalenda, Kisumu
Jumatano

Dada yangu Akinyi,

Pokea salamu za wote tuliobaki hapa. Natumaini u mzima huko Port Victoria, na kwamba shemeji na watoto wanakula na kulala, maana sisi msiba umetunyima yote mawili. Mambo haya nimeshindwa kuyasema kwa simu, ndiyo sababu mke wangu Debra anakuletea barua hii.

Jumamosi asubuhi tutamtoa Mama mochari, tumpeleke nyumbani Nyakach. Baba Mdogo Opondo anataka msafara kama ule wa marehemu Baba mwaka jana: matawi kwenye magari, honi mpaka langoni, vijana wakining'inia madirishani, na kila aliye barabarani apishe. Anasema ndivyo kifo kinavyofukuzwa. Mimi nimekataa. Nimemwambia tutakwenda polepole, upande wetu wa barabara. Alicheka akaniuliza kama tunamzika Mama au tunapeleka mayai sokoni. Mimi ni kitinda mimba, neno langu jepesi. Wewe kifungua mimba ukisema, atanyamaza.

Lakini usinitetee bila kujua. Unamkumbuka Wepukhulu, muuza mchele wa Ahero aliyesukumwa mtaroni na gari la msafara wa Baba, akakatwa mguu? Sote tulisema ni gari la wageni. Dada, nilikuwa mimi. Niliyapita magari matatu upande usio wangu, nikapiga honi, nikamwona na baiskeli yake, nikajiambia atapisha. Niliamini mfiwa ana haki ya barabara nzima. Hakuwa na pa kupishia. Sikusimama.

Tangu hapo nimekuwa nikimpelekea sukari kama mtu wa kanisa tu, naye huniombea. Aibu imenila vya kutosha. Jana nilimwambia kweli. Alisogeza kikombe chake cha chai, akasema, "Jumamosi nitakaa pale pale uliponisukuma. Nataka nimwone mama yako akipita."

Jumatatu nakwenda polisi kuandikisha taarifa. Usinizuie. Funguo za gari langu nimempa jirani yetu Okello. Mimi sishiki usukani tena.

Nakuomba ukae kiti cha mbele cha gari la maiti. Mkifika Ahero, mwambie dereva apunguze mwendo zaidi, uteremshe kioo, umsalimie Wepukhulu kwa jina lake.

Shemeji na watoto wape mkono wangu. Mungu akulete salama.

Ndugu yako mdogo,
Ondiek